Nani? Wapi? Lini? Waganga Waliojifunza Kuzuia Mauaji



Wengi wetu tumesikia habari za Yambuku. Ni misioni iliyo katika msitu wa upande wa Bumba, mbali na miji mikubwa ya Kongo. Mwaka 1976, mwezi wa Agosti na wa Septemba, watu walianza kufa huko kwa homa kali ambayo hakuna aliyejua jina lake. Walikufa wagonjwa, kisha wakafa wale waliowauguza nyumbani, kisha masista na wauguzi wa hospitali ya misioni. Katika watumishi 17 wa hospitali ile, 11 walikufa. Kati ya waganga wa kwanza waliotoka Kinshasa kwenda kutazama alikuwamo Mkongo, mganga Jean-Jacques Muyembe. Baadaye walikuja wengine wa Ubelgiji, Ufaransa, Marekani na nchi nyingine. Homa ile ikaitwa Ebola, jina la mto wa upande ule.

Waganga wale hawakuwa na dawa ya kuiponya. Walikuwa na daftari, na kalamu, na maswali matatu: Nani ameshikwa? Wapi? Lini? Walikwenda kijiji kwa kijiji, vijiji zaidi ya 500, wakiuliza maswali yale yale kwenye kila mlango. Jibu likatokea ndani ya daftari. Wengi wa wagonjwa wa kwanza walikuwa wamepigwa sindano hospitalini. Sindano zilikuwa chache, zikatumiwa kwa watu wengi pasipo kuchemshwa vema. Wengine walishikwa kwa kuwauguza ndugu zao au kwa kuosha maiti. Hospitali ilikuwa imekwisha kufungwa, na vijiji vilikuwa vimezuia wageni njiani, homa ikakoma. Watu 318 walikuwa wameugua, na 280 kati yao walikufa.

Twaanza na Yambuku kwa sababu habari tunayotaka kuwaeleza leo ni ya ukoo mmoja nayo. Ni habari ya waganga waliochukua maswali yale matatu, wakayauliza juu ya jambo ambalo watu hawaliiti ugonjwa, yaani mtu kumwua mwenzake.

SHULE YA VIATU VILIVYOTOBOKA

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1951 vita vilikuwa vikiwaka katika nchi ya Korea. Wakubwa wa Marekani waliogopa ya kwamba adui ataweza kumwaga vijidudu vya magonjwa katika miji yao. Katika mji wa Atlanta kilikuwako kituo cha serikali, kiitwacho CDC, kilichoanzishwa mwaka 1946 ili kupigana na malaria. Mganga mmoja wa kituo kile, Alexander Langmuir, aliitumia hofu ile kwa kuomba jambo alilolitaka sana. Alitaka vijana.

Vijana hao wangekuwa waganga waliokwisha kumaliza shule. Kila mmoja angechukuliwa kwa miaka miwili, alipwe, afundishwe kwa majuma machache tu, kisha atumwe. Siku yo yote ugonjwa ukizuka mahali, angefunga mkoba wake na kwenda. Huko angeuliza, angehesabu, angerudi na shauri. Kundi la kwanza lilikuwa na waganga 22 na mhandisi mmoja. Alama yao ni soli ya kiatu iliyotoboka kwa kutembea, juu ya picha ya dunia. Maana yake yajulikana upesi: ukweli wa ugonjwa haupatikani ukiwa umeketi mezani, hupatikana kwa miguu.

Mwaka 1962 aliingia katika shule hii kijana mmoja mrefu, jina lake William Foege. Baada ya miaka yake miwili alifanya kazi ya uganga katika misioni ya Waprotestanti wa Luther, mashariki mwa Nigeria. Mwezi wa Desemba 1966 ndui ilizuka katika upande ule. Desturi ya wakati huo ilikuwa kuchanja watu wote. Lakini dawa ya kuchanja haikutosha hata kidogo. Basi Foege na wenzake walifanya nini? Jioni wamisionari walikuwa na desturi ya kusemezana kwa radio. Foege aliwaomba kila mmoja atume watu vijijini kwake, aulize kama yuko mgonjwa wa ndui. Kwa njia hiyo walijua ndui iko wapi, na ya kwamba haiko wapi. Wakawachanja watu wa nyumba na vijiji vilivyowazunguka wagonjwa, kama vile mtu azungukavyo moto wa porini kwa kufyeka majani. Ndui ikakosa njia ya kupita. Katika miezi michache ilikwisha katika upande ule. Shauri hili lilifuatwa katika nchi nyingi, na mwaka 1980 ilitangazwa ya kwamba ndui imekwisha duniani.

UGONJWA USIO NA VIJIDUDU

Mwaka 1977 Foege aliwekwa kuwa mkuu wa CDC. Wakati ule waganga wa Marekani walikuwa wakiitazama upya orodha ya vifo. Zamani vijana wao walikufa kwa kifua kikuu, kwa homa ya matumbo, kwa polio. Magonjwa hayo yalikuwa yamepungua sana. Basi ni nini kilichobaki juu ya orodha? Ajali za magari, kujiua, na kuuawa.

Tena jambo hili liliingia mlangoni mwao wenyewe. Toka mwaka 1979 hata 1981, katika mji wa Atlanta, watoto na vijana weusi zaidi ya 20 waliuawa mmoja baada ya mwingine. Wazazi walilia, mji mzima ukashikwa na hofu. Polisi walimtafuta mwuaji, nao waganga wa CDC wakaitwa kusaidia. Wakauliza kama walivyozoea: watoto hawa walikuwa nani? Walipotea wapi? Saa gani? Walitofautianaje na watoto wengine wa mitaa ile ile?

Mwaka 1983 CDC ilifungua idara ndogo ya kuchunguza jeuri, yaani vifo na majeraha ambayo watu huletewa na watu wenzao, au hujiletea wenyewe. Mganga Mark Rosenberg, aliyepita katika shule ile ile ya viatu vilivyotoboka, aliiongoza. Mwezi wa Oktoba 1985 mganga mkuu wa serikali, C. Everett Koop, aliyekuwa mpasuaji wa watoto, aliwakusanya watu wa kazi mbalimbali katika mji wa Leesburg, ili washauriane juu ya jeuri na afya ya watu.

Labda msomaji atasema: mganga ana kazi gani hapa? Kuua ni jambo la polisi na hakimu. Ni kweli, lakini tazama saa ya kufika kwao. Polisi huja baada ya damu kumwagika. Hakimu huja nyuma ya polisi. Mpasuaji hushona, na baada ya majuma mawili kijana yule yule huletwa tena na jeraha jipya, au huletwa yule aliyempiga. Waganga hawa walitaka kufika mapema. Kazi yao waliipanga hivi. Kwanza, hesabu: nani huumizwa, wapi, lini, kwa silaha gani. Pili, tafuta sababu. Tatu, jaribu shauri moja, ukapime kama limesaidia. Nne, likisaidia, lipeleke mahali pengine.

Hawakuanza gizani, maana njia hii ilikuwa imekwisha kujaribiwa barabarani. Zamani watu walisema ya kwamba ajali ni matokeo ya madereva wabaya tu. Waganga na mafundi walipohesabu, walivumbua mengine mengi: barabara zenye kona mbaya, magari yasiyo na mikanda, pombe. Wakaweka mikanda, wakatengeneza barabara, wakakaza sheria ya ulevi. Madereva wabaya wako hata leo, lakini vifo vilipungua sana, wala hakuna aliyenyang'anywa gari.

MEYA WA CALI

Mfano mzuri kuliko yote, kwa maoni yetu, ulitokea katika nchi ya Kolombia, Amerika ya Kusini. Mji wa Cali ulijulikana kwa matajiri wake waliouza kokeni. Katika miaka kumi hivi hesabu ya watu waliouawa ilipanda zaidi ya mara tatu. Watu wote walisema: sababu ni kokeni, nasi hatuwezi kitu.

Mwaka 1992 wenyeji walimchagua meya mpya, Rodrigo Guerrero. Yeye alikuwa mganga, tena mwenye elimu ya kuchunguza magonjwa yanayoenea. Jambo la kwanza aliloliona ni kwamba hesabu hazikupatana. Polisi walikuwa na zao, mahakimu zao, na waganga wanaotazama maiti zao. Aliwaketisha pamoja kila juma, mpaka kila maiti ikawa na jina, mahali, siku na saa.

Hapo likatokea jambo ambalo halikutazamiwa. Wauza kokeni waliua, ndiyo. Lakini vifo vingi sana vilitokea mwisho wa juma, usiku, na zaidi mwisho wa juma unaofuata siku ya mshahara. Wengi wa waliokufa walikuwa wamekunywa pombe. Walio wengi waliuawa kwa bunduki. Basi wengi hawakuuawa na majambazi wakuu. Kati yao walikuwamo waliouawa katika ugomvi wa kilabuni ambao, pasipo bunduki, ungekwisha kwa jino kuvunjika.

Meya hakuwa na nguvu za kuwaondoa matajiri wa kokeni. Lakini kupunguza saa za kuuza pombe usiku aliweza. Tena ilikatazwa kuchukua bunduki barabarani, hata kwa mwenye ruhusa, mwisho wa juma wa mshahara na siku za sikukuu. Mji mkuu, Bogotá, ulifanya vivyo hivyo baadaye. Wataalamu walilinganisha siku zenye katazo na siku zisizo nalo, wakatangaza matokeo mwaka 2000: siku za katazo, mauaji yalipungua kwa 14 kwa mia katika Cali, na 13 kwa mia katika Bogotá.

Tusidanganyane. Cali haikugeuka paradiso. Guerrero aliporudi kuwa meya mwaka 2012, watu wengi bado waliuawa katika mji ule, ikambidi kuanza tena. Lakini 14 kwa mia maana yake ni akina baba waliorudi nyumbani na mshahara wao, hata wasijue ya kwamba jioni ile waliokolewa.

UGOMVI NA UPATANISHO

Kuhesabu si kazi ya amani siku zote. Mficha maradhi, kilio humfichua. Na ye yote afichuaye maradhi ya wengine hapendwi.

Mwaka 1993 mganga Arthur Kellermann na wenzake, waliosaidiwa kwa fedha za CDC, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao. Wamarekani wengi huweka bunduki nyumbani wakisema inawalinda. Kellermann alilinganisha nyumba zenye bunduki na nyumba zisizo nayo, akaona ya kwamba penye bunduki hatari ya mtu kuuawa nyumbani ilikuwa karibu mara tatu. Chama kikubwa cha wenye bunduki, NRA, kilikasirika. Kilisema ya kwamba waganga hawa wanataka kuwanyang'anya watu silaha kwa hila ya elimu.

Katika Baraza la Marekani chama kile kilimpata msemaji, mbunge wa Arkansas aitwaye Jay Dickey. Mwaka 1996 Baraza liliondoa dola milioni 2.6 katika fedha za CDC, kiasi kile kile kilichotumiwa mwaka uliotangulia kuchunguza majeraha ya bunduki. Tena sheria iliandikwa ya kwamba fedha za CDC za kuzuia majeraha zisitumiwe kuhimiza kuzuiliwa kwa bunduki. Sheria haikukataza kuhesabu. Lakini wakubwa waliogopa, na kazi ile ikakauka kwa zaidi ya miaka 20.

Tena angalia: mwezi wa Mei wa mwaka ule ule 1996, mataifa yaliyokutanika kwa ajili ya afya ya dunia huko Geneva yalitangaza ya kwamba jeuri ni taabu kubwa ya afya kwa watu wote. Mwaka 2002, katika mji wa Brussels, Shirika la Afya la Dunia lilitoa kitabu kikubwa cha hesabu hiyo, chenye maneno ya mwanzo ya Nelson Mandela. Kilikadiria ya kwamba mwaka 2000 watu milioni 1.6 walikufa kwa jeuri. Karibu nusu yao walijiua wenyewe. Theluthi moja hivi waliuawa na watu wenzao. Waliokufa vitani walikuwa kama sehemu moja ya tano. Nani kati yetu angalidhani ya kwamba huzuni ya siri huua kuliko vita?

Turudi kwa mbunge Dickey. Yeye na mganga Rosenberg walikuwa maadui mbele ya watu wote. Lakini baada ya vita ile ya maneno walianza kusemezana, wawili tu, polepole. Mmoja alikuwa mtu wa bunduki tangu ujana, mwingine alikuwa amehesabu maiti nyingi mno. Hakuna aliyemgeuza mwenzake awe kama yeye. Lakini kila mmoja aliona ya kwamba mwingine hataki watoto wafe. Wakawa marafiki.

Tarehe 20 Julai 2012, mtu mmoja aliingia katika nyumba ya sinema huko Aurora, katika jimbo la Colorado, akaua watu 12. Siku chache baadaye gazeti la Washington Post lilitoa barua yenye sahihi mbili: Jay Dickey na Mark Rosenberg. Walisema pamoja ya kwamba elimu iliyookoa watu barabarani itumiwe pia kwa majeraha ya bunduki, na kwamba inawezekana kuhifadhi haki ya wenye bunduki na maisha ya watu pamoja. Baadaye Dickey alikiri waziwazi ya kwamba anajuta. Alikufa mwezi wa Aprili 2017, kabla ya kuona matunda. Mwezi wa Desemba 2019 Baraza lilitoa dola milioni 25 kwa uchunguzi ule.

Wala mambo hayakuishia hapo. Mwezi wa Aprili 2025 watumishi wengi wa idara ya kuzuia majeraha waliondolewa kazini. Na tarehe 8 Agosti 2025 mtu mwenye bunduki aliyapiga risasi majengo yenyewe ya CDC huko Atlanta, akamwua polisi mmoja. Nyumba ya wahesabu majeraha imejeruhiwa nayo. Ndiyo maana tunasema ya kwamba kazi hii yahitaji vijana wapya kila mwaka, na mioyo isiyochoka upesi.

NA SISI JE?

Watu wa Kivu hawahitaji kuelezwa jeuri ni nini. Huko Bukavu, hospitali ya Panzi ilianzishwa mwaka 1999. Mganga Denis Mukwege aliiwaza kwa ajili ya akina mama wanaojifungua. Lakini mgonjwa wa kwanza aliyepasuliwa hapo hakuja kuzaa. Alikuwa mwanamke aliyetendewa ukatili na watu wenye silaha. Baada yake walikuja maelfu. Mganga Mukwege alipewa Zawadi ya Nobel ya amani mwaka 2018, na mtu ye yote aliyemsikia ajua ya kwamba hakuridhika na kushona. Alikwenda mpaka mbele ya mataifa kudai mabaya yale yakomeshwe yanakotoka.

Vita si ugomvi wa kilabuni, wala hatusemi ya kwamba daftari lazuia majeshi. Wala kuhesabu hakumwondolei mwuaji hatia yake. Hakimu na dhamiri vyabaki na kazi yao. Lakini tujihadhari na neno moja tulilozoea kusema penye msiba: ndivyo ilivyo, tutafanyaje? Watu wa Cali walisema vivyo hivyo. Watu walisema vivyo hivyo juu ya ndui.

Basi tujiulize, kila mmoja katika mtaa wake. Ugomvi wa damu hutokea siku gani? Ni usiku wa mshahara? Ni wakati wa kupanda, watu wanapogombania mipaka ya mashamba? Ni katika nyumba zipi mama hupigwa, na nani ajuaye akanyamaza? Kijana aliyejinyonga mwaka jana, nani alikuwa amemwona akijitenga? Katika kila parokia liko daftari la wafu, lenye jina na tarehe. Mzee wa mtaa, muuguzi wa dispensari, mwalimu na paroko wakiketi jioni moja na daftari lile, wataona mambo ambayo kila mmoja peke yake hakuyaona. Na wakikuta ya kwamba ni usiku mmoja, au njia moja, au kilabu kimoja, wanaweza kuanza hapo.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Wale vijana wa mwaka 1951 walipewa miaka miwili na jozi ya viatu. Sisi tunao mtaa tunaoujua, na majina ya watu wetu waliokufa. Tuanze kwa kuyasoma.